Breka Hailindi Televisheni Yako

Saa moja jioni. Pasi iko moto, jagi la umeme linachemka jikoni, na bafuni kuna mtu anaoga maji ya moto. Mara tak! Giza. Kwa jirani taa zinawaka, na yuniti za LUKU bado zipo, kwa hiyo si mgao wala si tokeni. Mwenye nyumba anawasha tochi ya simu na kulifuata lile sanduku la ukutani ambalo wengi wetu tunaliita mein swichi, ingawa mein swichi yenyewe ni ule mkono mmoja wa pembeni unaozima nyumba nzima. Vile vingine vilivyojipanga kando yake ni breka: ya taa, ya soketi, ya hita.

Wengi huamini breka imewekwa ili ilinde televisheni na friji. Sivyo. Inalinda waya uliofukiwa ukutani. Waya wa soketi kwa kawaida ni wa milimita za mraba 2.5, wa taa 1.5. Ukibebeshwa mzigo kupita uwezo wake huchemka, ganda lake la plastiki hulainika, na moto huanzia mahali ambapo hakuna anayepaona.

Piga hesabu ya jioni ile. Umeme wetu ni wa volti 230. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5 na ushee, jagi la wati 2,000 karibu 9. Hadi hapo breka ya ampea 20 imetulia. Lakini hita ya bafuni ya wati 5,000 peke yake huvuta karibu 22, ndiyo maana inatakiwa iwe na waya wake na breka yake. Fundi akiiunga kwenye laini ya soketi ili kuokoa mita chache za waya, giza ndilo litakalomuumbua.

Niliwahi kuipasua breka iliyokufa nione kilichomo. Kuna ukanda mwembamba wa metali mbili zilizogandishwa pamoja, moja ikitanuka kwa joto kuliko mwenzake. Mzigo ukizidi, ukanda hupata moto, hupinda, na mwisho hufyatua springi. Hauna papara: breka ya 20 inaweza kubeba ampea 22 saa nzima isikate, ila zikifika 29 ni lazima ikate ndani ya saa hiyo. Kwa shoti, mwendo huo ungekuwa msiba. Kazi hiyo ni ya koili iliyo jirani yake, ambayo hugeuka sumaku yenye nguvu na kukata kufumba na kufumbua. Herufi iliyoandikwa kwenye breka kabla ya namba yake ndiyo inayohusu koili: B hufyatuka mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya namba ya breka, C mara 5 hadi 10, ili pampu ya maji isiikate kila inapoanza kuzunguka.

Kilichonipendeza zaidi ni vibati vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Breka inapoachia, cheche hurukia katikati yao, hukatwa vipande vipande, ikapoa na kuzimika.

Breka ndogo ya namna hii ilipewa hataza mwaka 1924 kwa kampuni ya Hugo Stotz, mjini Mannheim, Ujerumani. Nyumba nyingi ziliendelea na fyuzi miaka mingi baada ya hapo. Yetu ilipoungua, baba alisokota uzi mnene wa shaba akaurudishia, na haikuungua tena. Leo nikikumbuka nasisimka mwili: sehemu dhaifu ya kuungua sasa ilikuwa waya wa darini.

Na mtu je? Mkondo unaoweza kuuvuruga moyo ni mdogo mno kwa breka ya kawaida kuutambua. Anayemlinda mtu ni kifaa kingine humo humo sandukuni, chenye kitufe kilichoandikwa T. Hupima umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika takriban miliampea 30, kinakata, kwa kuwa umeme uliopotea huenda unapita mwilini mwa mtu. Kitufe hicho ni cha kukijaribu, kibonyezwe mara kwa mara. Nilipokitafuta kwangu, nilikuta mpaka rangi amekipaka pamoja na ukuta.