Kipimo kimoja cha presha kisikupe jina la ugonjwa

Tuseme umepata kazi Nairobi na mwajiri anataka upimwe afya kabla ya kuripoti. Asubuhi hiyo umekwama kwenye foleni ya Thika Road, ukashuka matatu mbio, ukapanda ngazi hadi orofa ya nne, na tumboni una kahawa tu. Hata hujapumua vizuri, muuguzi anakufunga mkanda wa mashine mkononi. Inasoma 146/92.

"Uko na presha," anakwambia huku akijaza fomu.

Usiondoke bado. Muulize kwa heshima: "Umeandika nini hapo?"

Kwenye faili, ugonjwa hupewa msimbo, yaani herufi na nambari kutoka orodha ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Katika orodha inayoitwa ICD-10, msimbo I10 unamaanisha wewe ni mgonjwa wa shinikizo la damu. R03.0 unamaanisha kipimo kilikuwa juu, lakini haijathibitishwa kwamba una ugonjwa huo. Ukiwa na kipimo kimoja tu kama hicho cha asubuhi, R03.0 ndio wako.

Kwa nini? WHO inasema mtu huhesabiwa kuwa na shinikizo la damu akipimwa siku mbili tofauti na nambari ya juu ifike 140 au zaidi, au ya chini ifike 90 au zaidi, siku zote mbili. Haraka, hofu, kahawa, sigara, hata kubana mkojo, vyote vinaweza kupandisha presha kwa muda. Wengine hupanda wakiona tu koti jeupe la daktari!

Hiyo I10 ikiingia kimakosa, inakufuata. Kesho unaomba bima ya kibinafsi, unaulizwa kuhusu magonjwa uliyo nayo. Unaweza kutozwa zaidi au kuambiwa usubiri kwanza. Ukigundua kosa, rudi uombe lirekebishwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kusahihishiwa habari zako zisizo za kweli.

Basi rudi siku nyingine upimwe ipasavyo. Kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu sakafuni bila kuikunja, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kahawa na sigara ziache angalau nusu saa kabla. Na wacha stori mashine ikifanya kazi.

Lakini tusidanganyane: R03.0 si cheti cha kukuambia uko fiti. Presha hukaa kimya mwilini miaka mingi huku ikiumiza moyo, figo na ubongo, na ujana si kinga. Kipimo kikizidi 180/120, usingoje wiki ijayo. Muone daktari siku hiyo hiyo. Ukiwa pia na maumivu ya kifua, shida ya kupumua au macho kuona ukungu, kimbilia hospitali.

Na ikithibitishwa kweli unayo, ikubali I10 yako. Ndiyo itakayokuwezesha kufuatiliwa kliniki na kupata dawa. Hata dawa zikishusha nambari, msimbo hubaki, kwa sababu ugonjwa umedhibitiwa, haujaisha.

Kwa hivyo fomu ile usiitupe. Weka tarehe ya kurudi kwenye simu yako leo.