USALAMA NA AFYA: KILA KIUNGO KINA NJIA YAKE

Anayetoka Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya bonde la Ruzizi hupita Luvungi. Bonde hili hulima mpunga, mahindi na mihogo, na mavuno hubebwa kwa magunia. Mtazame mtu anayepakia gari: ainama, anyanyua gunia, kisha ageuza kiuno alitupe juu, huku nyayo zimebaki palepale. Nasi mgodini twafanya hivyohivyo na magunia ya mawe. Hapo ndipo goti na mgongo huumia.

Ndugu mfanyakazi, mtu mzima ana mifupa 206. Pale mifupa inapokutana pana kiungo, na kila kiungo kina mwendo wake.

Viungo visivyotembea: mifupa ya kichwa imeshikana kama meno ya misumeno miwili. Kwa mtoto mchanga bado haijashikana. Ndiyo sababu utosi wake ni laini.

Viungo vya bawaba: kiwiko na vidole hukunja na kukunjua kama mlango. Goti nalo ni hivyo. Likikunjwa hugeuka kidogo tu.

Viungo vya mpira na kikombe: bega na nyonga. Kikombe cha nyonga kina kina kirefu. Cha bega ni kama kisahani, kwa hiyo mkono huzunguka pande zote, lakini bega huteguka upesi.

Viungo vya mhimili: mfupa wa kwanza wa shingo huzunguka juu ya ule wa pili. Ndio unaokuwezesha kutikisa kichwa na kusema «hapana».

Viungo vya tandiko: shina la dole gumba hukaa kama mtu juu ya tandiko la farasi. Bila hilo, hushiki nyundo sawasawa.

Katika viungo vitembeavyo, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu laini, na ute huzilainisha kama mafuta ya mashine. Kano huzifunga zisiachane. Lakini gegedu haina mishipa ya damu. Ikichanika, hupona kwa shida sana.

Basi tushike haya:

1. Sogea karibu na mzigo. Kunja magoti, nyoosha mgongo, shika mzigo karibu na kifua.
2. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo kwanza. Usisokote kiuno wala goti.
3. Mzigo ukikushinda, ita mwenzako. Kuomba msaada si aibu.
4. Kiungo kikiteguka, usikivute wala usikubali rafiki akivute: mishipa ya damu na ya fahamu yaweza kukatika. Kitulize kwa kitambaa kama kilivyo, mjulishe kapita, nenda kwa munganga.

Nawe mama, nawe baba, msimnyanyue mtoto mdogo kwa kumvuta mkono mmoja. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mfupa wa kiwiko huweza kuchomoka mahali pake kwa mvuto mmoja tu. Mshike chini ya makwapa.

Bawaba ya mlango ikivunjika, utanunua nyingine sokoni. Goti haliuzwi Luvungi wala Bukavu. Tulitunze hili tulilopewa, maana ndilo linalotupeleka kazini na kuturudisha kwa watoto wetu.