Fahamu: Kwa nini giza la majira ya baridi hushusha moyo

Mwezi Desemba mjini Tromsø, Norwei, jua halichomozi kabisa. Hurudi katikati ya Januari. Mtu aliyekulia Mombasa au Mwanza, ambako mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima, akihamia kaskazini anaweza kujikuta akilala kupita kiasi, akitamani vyakula vya wanga na kukwepa watu. Si uvivu, wala hajarogwa. Mwaka 1984 Norman Rosenthal, daktari wa magonjwa ya akili aliyetoka Afrika Kusini kwenda Marekani, pamoja na wenzake walieleza hali hiyo kuwa sonona ya msimu.

Kwenye retina ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga. Huipasha habari saa ya mwili iliyo ubongoni, nayo huamua melatonini, homoni ya usiku, itolewe lini. Asubuhi ikikosa mwanga, saa hiyo huelekea kuchelewa. Ndiyo maana wagonjwa hupewa taa maalumu ya luksi (kipimo cha mwanga) 10,000, kwa kawaida kwa muda wa dakika 30 baada ya kuamka. Taa za sebuleni kwa kawaida hazifiki hata luksi 500. Mwenye maradhi ya macho aanzie kwa daktari.

Na chakula, je, huinua moyo? Hapo matangazo yametia chumvi mno. Ndizi ina serotonini, kemikali inayohusishwa na hisia, kweli, lakini ukiila, serotonini hiyo haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Mazoezi yana ushahidi mzito zaidi dhidi ya sonona, na anayetembea nje mchana, hata mawingu yakiwa yametanda, hupata na mwanga.