Muhogo Mbichi na Swali Lile Lile

“Mtaalamu, ile inachukua muda gani kuanza kufanya kazi?”

Muulizaji hakutaja “ile” ni kitu gani, na mezani hakuna aliyehitaji kutajiwa. Mhudumu alikuwa ametoka kutua sahani ya mbao yenye muhogo mbichi uliokatwa vidole, nazi iliyokomaa na karanga mbichi konzi mbili, akasema huku akitabasamu, “Hii ya wazee.” Tulikuwa watu wanane chini ya banda la makuti, kwenye shamba moja upande wa Soga, sita kati yetu wanaume. Wote sita walisogeza viti.

Nimeulizwa swali hilo kwenye semina, msibani, ndani ya daladala, na safari moja na fundi aliyekuwa amelala chini ya gari langu, sauti ikitokea uvunguni. Wala si suala la aibu. Kazi ya lishe inamzoesha mtu kuzungumzia choo na chumbani bila kupepesa macho. Kinachonichosha ni kwamba swali linalotangulia halijawahi kuulizwa: je, inafanya kazi kweli? Hilo lilishapita bila kupingwa. Limebaki la muda, la kipimo, na la kama nazi iwe mbata au koroma.

Sina ugomvi na shamba. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na Soga ikiwa miongoni mwa vituo vyake, mtu wa mjini anaweza kushuka asubuhi, akala mchana chini ya mwembe na jioni akawa kwake. Chakula kinakuja kidogo kidogo kwenye visahani, kila mtu anadokoa. Kula pamoja si jambo la kumfundisha Mzaramo. Kipya ni kwamba sinia limegawanywa vipande na kila kipande kina bei yake. Haidhuru. Kula karibu na shamba kuna maana, na kwa muhogo kuna maana kuliko kwa mazao mengi niyajuayo. Muhogo ukishang’olewa una siku mbili au tatu tu. Baada ya hapo nyama yake inaanza kupiga mistari ya bluu iliyokolea, ladha inaharibika, na ukiupika hauivi vizuri. Wa sokoni Kariakoo unafika umeshachoka safari. Huu wa Soga ulikuwa ardhini asubuhi ile ile.

Tatizo linaingia na neno “asili”. Mtu akishaliona shamba kwa macho yake, anaanza kuamini kwamba moto ni uharibifu, na kwamba kitu kikitoka udongoni kikaingia mdomoni bila kupita jikoni basi nguvu zake zote zimo. Angechagua embe ningemwelewa. Amechagua muhogo!

Haya, tuanze na hizo nguvu.

Uume unaposimama, kazi inafanywa na damu. Mishipa ya fahamu inatoa ishara, mishipa ya damu inatoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki, misuli laini inalegea, damu inaingia na kuzuiliwa humo. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha kwamba gesi hiyo ndiyo mjumbe wa mishipa ya damu, na mwaka huo huo kidonge cha sildenafili kikaruhusiwa Marekani. Kwa hiyo jambo hili ni la mabomba na nyaya. Presha, kisukari, sigara na mafuta mengi kwenye damu vinaharibu mabomba. Pombe, wasiwasi, kukosa usingizi na baadhi ya dawa vinavuruga nyaya. Sasa mnionyeshe muhogo unapitia wapi. Katika gramu 100 za muhogo mbichi, gramu 60 hivi ni maji, 38 ni wanga, na protini ni gramu moja na ushei. Zinki, ambayo wauzaji siku hizi wamejifunza kuitaja, haifiki hata nusu miligramu, na mwanaume anahitaji miligramu 11 hivi kwa siku. Angeutegemea muhogo kwa zinki angekula zaidi ya kilo tatu kila siku, na usiku asingekuwa na hamu ya kitu kingine ila kulala. Muhogo ni chakula cha kushibisha, na mtu aliyeshinda njaa akiula atapata nguvu kweli. Nguvu za kushika jembe.

“Lakini mbona mimi nikila naiona?” akasema mmoja wao, na nilijua atasema.

Unaiona kwa sababu unaingojea. Mtazameni muuza muhogo mbichi wa mjini, yule wa toroli. Anatega jioni, kituoni, wanaume wanaporudi nyumbani, naye hauzi kimyakimya: ana maneno yake, ana utani wake, anamwita mteja “mzee wa kazi” mbele za watu. Mteja anaondoka anacheka. Wasiwasi ni miongoni mwa mambo yanayomwangusha mwanaume haraka sana, na mtu aliyefika kwake akiwa amechangamka na anajiamini ameshatibu nusu ya wasiwasi wake. Dawa ilikuwa ule utani. Muhogo ulikuwa kifungashio. Wengine wananiambia habari za umbo, za weupe wa tui, za ugumu wa kutafuna, kana kwamba tumbo linasoma mafumbo. Tumbo linasoma wanga.

Niwatendee haki wenye hoja ya karanga, maana wao angalau wamesoma mahali. Karanga zina arginini, na mwili huitumia arginini kutengeneza ile oksidi ya nitriki. Kweli kabisa. Tena lipo jaribio la Hispania ambapo vijana wa kiume walikula gramu 60 za lozi na kokwa za jamii hiyo kila siku kwa wiki 14, na mbegu zao zikaonekana bora kuliko za wenzao ambao hawakula. Ila zile hazikuwa karanga, wiki 14 si nusu saa, ubora wa mbegu ni habari nyingine na kusimama kwa uume ni nyingine. Na muhogo haukuwemo.

Hapo ndipo ningeishia kama kitu chenyewe kingekuwa tango. Watu wanakula matango wakitarajia miujiza na hakuna anayedhurika. Muhogo ni mmea unaojilinda. Ndani ya chembechembe zake umeweka linamarini mahali pamoja na kimeng’enya mahali pengine. Jino, kisu au mchi ukivunja kuta, viwili hivyo vinakutana na kutoa sianidi, ambayo kazi yake ni kuzizuia chembechembe za mwili zisiitumie oksijeni. Fikiria basi: mtu anayetaka damu yake ifanye kazi vizuri anatafuna kitu ambacho kikizidi, damu itapeleka oksijeni na hakuna wa kuipokea.

Kikizidi kiasi gani? Kimataifa, muhogo mtamu ni ule wenye sianidi chini ya miligramu 50 katika kilo moja ya mzizi mbichi. Mchungu unaweza kufika mia kadhaa. Kiwango kinachoweza kuua huanzia nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mwanaume wa kilo 70 anafika hapo kwa miligramu 35. Akila nusu kilo ya muhogo mtamu ulio karibu na mpaka huo wa 50, ameingiza 25. Akiangukia mchungu wenye 300, gramu 120 zinamtosha, yaani vidole vichache kwenye sahani ile. Mtoto wa kilo 12 aliyepewa kipande na baba yake “aonje” anafika kwa gramu 120 za muhogo ule ule unaoitwa mtamu. Nilipofanya hesabu hii kwa sauti pale mezani, mama mmoja alimnyang’anya mwanawe kipande, na mumewe akaniangalia kama niliyeharibu harusi.

Nitaambiwa: mbona wauza muhogo wa toroli hawajamuua mtu? Kwa sababu mingi ya mihogo yao ni mitamu, watu wanakula kidogo, na mwili wenye protini ya kutosha unajua kuigeuza sianidi na kuitoa kwa mkojo. Nguvu haimo kwenye maelezo hayo popote. Na mambo yanabadilika. Ukame unapandisha sumu ndani ya mbegu ile ile, shina lile lile. Anayeona kizunguzungu, kichwa kikimgonga na kichefuchefu kikimjia saa chache baada ya kula, huwa analaumu jua, au anasema dawa imeanza kupanda.

Nchi hii ina kumbukumbu ya jambo hili, ingawa tunaisahau haraka. Mwaka 1988 huko Masasi, watu waliobanwa na njaa walifupisha usindikaji wa muhogo mchungu, wakautwanga na kuukausha kabla haujakaa siku zake, wakalishwa sumu na ugali wao wenyewe. Tarime, mwaka 1985, ulizuka ugonjwa wa konzo: miguu inakakamaa ghafla, na hairudi ilivyokuwa. Jina hilo ni la Wayaka wa Kongo, na maana yake ni kufungwa miguu. Miaka minne kabla ya hapo, Nampula nchini Msumbiji, ugonjwa huo ulikuwa umewapata zaidi ya watu 1,000. Mmoja wa madaktari walioufuatilia alikuwa Hans Rosling, Mswidi ambaye baadaye dunia ilimjua kwa takwimu zake. Konzo haiji kwa sahani moja ya Soga. Inawapata waliokula muhogo mchungu usiosindikwa vya kutosha kwa wiki nyingi, bila samaki wala maharage. Naitaja kwa sababu maskini wale walilazimika kuruka hatua za jikoni, na sisi tunaziruka kwa hiari na kulipia.

Niliinuka nikaenda jikoni. Aliyekuwa motoni ni mama wa makamo, kanga kiunoni. Nikamwamkia, nikauliza muhogo ule ni mbegu gani. “Kiroba,” akajibu kabla sijamaliza. Kiroba ni mtamu, hilo lilinipoza roho. Nikamuuliza kama wanawe huwapa mbichi. “Mwanangu, mbichi ni wa kuonja, kujua kama una uchungu. Ukishajua unateka maji.” Ile sahani ya wazee ilikuwa wazo la wenye mgahawa, yeye aliambiwa aikate tu. Mhudumu wetu, kwa upande wake, hakuwa na habari kwamba mihogo ina mbegu.

Yaliyobaki ni mafupi. Ukiwa shambani, uliza mbegu, na umuulize anayepika. Muhogo umenywe vizuri, maana ganda lina sumu nyingi kuliko nyama, ukatwe vipande vidogo, uanzie kwenye maji baridi mengi, uchemke bila mfuniko, na maji hayo yamwagwe. Sianidi inageuka mvuke kwenye joto la nyuzi 26, yaani joto la kawaida la Pwani, kwa hiyo usiizibie njia. Kukaanga au kuchoma peke yake kunaacha sumu nyingi ndani. Chemsha kwanza, ndipo ukaange. Kisamvu kitwangwe, kikae kidogo, kisha kichemke sana. Muhogo mchungu uachieni makopa na unga, tena baada ya kulowekwa siku kama tatu mpaka ulainike. Kula na dagaa, maharage, samaki. Mtoto asipewe mbichi hata kwa utani. Karanga iliyosinyaa au yenye ukungu itupe, usiikaange: sumukuvu haiishi kwa moto wa jikoni, na mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya kupitia mahindi.

Na wewe mwenye swali lako: kapime presha na sukari. Mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo mara nyingi ndiyo inayolalamika kwanza, wakati mwingine miaka kabla ya moyo. Acha sigara, punguza pombe, tembea, lala. Dawa za hospitali zipo na zinafanya kazi, ila mwambie daktari kila unachomeza. Vumbi la Kongo na ndugu zake usinunue. Nchi nyingi zimekamata “dawa za asili” zilizochanganywa sildenafili kwa siri, na kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati mchanganyiko huo unaweza kuiangusha presha hadi kifo. Supu ya pweza kunywa. Ni supu nzuri.

Ile sahani niliomba irudi jikoni. Baada ya dakika arobaini ikaja bakuli kubwa: muhogo ule ule umechemshwa na kuungwa kwa tui la nazi ile ile, karanga zimechaguliwa, zimekaangwa na kutwangwa humo humo, ndimu pembeni. Nilipata kipande kimoja. Nilipopeleka mkono tena, aliyeuliza swali alikuwa anakomba tui kwa kipande cha chapati.