VIGIMBI VYETU: KUPANDA NA KUSHUKA NGAZI



Wagonjwa wengi huniuliza: "Sista, kupanda ngazi hakukunisumbua. Mbona nimeshuka tu, na kesho yake vigimbi vinauma hata kutembea ni shida?" Leo tuliangalie jambo hili.

Kigimbi ni ile nyama iliyojaa nyuma ya mguu, chini ya goti. Kina misuli miwili mikubwa. Mmoja uko juu juu, nao huanzia juu kidogo ya goti. Wa pili umelala chini yake. Yote miwili huungana katika kano moja nene iliyoshikamana na mfupa wa kisigino. Ukipapasa nyuma ya kifundo cha mguu utaisikia, ngumu kama kamba.

Tunapopanda. Misuli ya mapaja na matako hunyoosha goti na nyonga, mwili ukainuka. Kigimbi nacho hujikunja na kuvuta kano. Kisigino hunyanyuka na kutusukuma kwenye kidato cha juu. Ni kama kuvuta ndoo ya maji kutoka kisimani.

Tunaposhuka. Wengi hudhani hapa misuli imepumzika. Sivyo. Mguu unaotangulia hugusa kidato kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisha kisigino hufuata polepole. Kinachokizuia kisishuke kwa kishindo ni kigimbi, ambacho hurefuka huku kimekaza. Ni kama kuteremsha ndoo kisimani: mkono hauvuti, lakini ukilegea, kamba itakuponyoka. Kazi ya namna hii huumiza kidogo nyuzi za misuli, hasa kwa asiyeizoea. Maumivu huanza kesho yake, huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha huisha ndani ya juma moja hivi. Endelea kutembea taratibu.

Maumivu ya hatari. Kila kinapokaza, kigimbi husukuma damu irudi moyoni. Mtu akilala muda mrefu bila kutembea, kwa mfano baada ya kupasuliwa au kujifungua, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, usiuchue wala kuukanda. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikibana au kifua kikiuma, usingoje hata saa moja.

Mashauri

1. Wengi wanaoanguka kwenye ngazi huanguka wakishuka. Shika ukuta au chuma cha ngazi, wala usibebe mzigo kwa mikono yote miwili.

2. Mwenye mguu mgonjwa, akipanda atangulize mguu mzima. Akishuka atangulize ule mgonjwa.

3. Zoezi la kuimarisha vigimbi: simama ukishika ukuta, nyanyua visigino, kisha vishushe polepole. Fanya mara 10 asubuhi na mara 10 jioni. Wazee wetu wasiachwe nyuma.