Matuta Yasiyoonekana: Kisu cha Mkerezaji na Uso wa Chuma Kigumu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda mjini Morogoro hupita Kingolwira, milima ya Uluguru ikiwa mbele yake na mashamba ya mkonge yakiwa jirani. Mkonge ukishakatwa haungoji: majani yakikawia hukauka, na nyuzi huwa taabu kutoka. Kwa hiyo shafti ya mashine ikivunjika, hasara huanza siku hiyo hiyo. Aghalabu ufa uvunjao shafti huanzia usoni, katika mkwaruzo mdogo tu.

Zamani chuma kilichotiwa ugumu kilimalizwa kwa jiwe la kusagia. Siku hizi hukerezwa pia, hata ugumu wake ukizidi 45 kwa kipimo cha Rockwell C. Visu vyake ni vya seramiki, au vya nitridi ya boroni iliyoundwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, ambayo ugumu wake hukaribia ule wa almasi.

Mkerezaji hupanga mambo matatu: kasi ya kukata, kina cha mkato, na mwendo wa kisu kwa kila mzunguko. Hilo la tatu ndilo litawalalo zaidi ulaini wa uso, kwa kuwa kisu huacha matuta mfano wa yale ya shambani. Kimo cha tuta hukadiriwa kwa kuzidisha mwendo kwa mwendo, kisha kugawanya kwa mara nane ya nusukipenyo cha ncha. Tuseme nusukipenyo ni milimita 0.8. Mwendo wa milimita 0.1 huacha tuta la mikroni 1.6 hivi, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Mwendo wa milimita 0.2 huacha mikroni 6.3. Mwendo umeongezeka mara mbili, tuta mara nne!

Je, mwendo upunguzwe bila kikomo? La. Mkato ukiwa mwembamba mno, ncha husugua badala ya kukata. Kasi nayo ikipita kiasi, kisu huchakaa upesi. Na kisu kilichochakaa huzidisha joto hata ngozi ya chuma ikageuka kuwa tabaka gumu livunjikalo kwa urahisi. Uso wa namna hiyo waweza kung'aa huku umeficha chanzo cha ufa.

Basi fundi asiridhike na mng'ao. Apime matuta, na akibadili kisu kabla hakijachakaa.