Digrii Mbili za Longitudo

Njia ya ndege, kabla ya kuwa safari, ni orodha ya namba: latitudo na longitudo za kila kituo. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Novemba 1979, nchini New Zealand, longitudo ya kituo cha mwisho cha safari ya Antaktika ilibadilishwa katika kompyuta ya shirika kutoka 164°48′ mashariki kuwa 166°58′. Ajabu ni kwamba namba mpya ndiyo iliyokaribia njia rasmi. Lakini marubani, waliokuwa wameonyeshwa ile ya awali, hawakuarifiwa. Asubuhi waliiingiza kwa vidole katika chombo cha uongozaji cha DC-10, nacho kikaipokea.

Katika ikweta tofauti hiyo ni kilometa 240 hivi. Kule kusini, ambako mistari ya longitudo hukaribiana, ni kama 50 tu. Zilitosha kuiondoa ndege juu ya Mlangobahari wa McMurdo na kuielekeza kwenye mlima Erebus. Watu wote 257 walifariki.

Siku hizi mpango wa safari huweza kuhamishwa kutoka kompyuta hadi kifaa cha GPS kwa kadi au kwa mawimbi ya redio, na makosa ya vidole yamepungua. Faili lenye kosa, hata hivyo, hufika na kosa lake. Kwa hiyo rubani hulinganisha kila kituo na ramani kabla ya kuruka.